Nyumba za bei nafuu ndani ya mjengo, pesa badala yake, au hiari ya developa: Mombasa tuitake ipi?

Shangazi yangu alikuwa na nyumba Majengo. Nyumba ya Kiswahili tu hizi zetu, ukumbi umepita katikati, vyumba vinne mkono wa kulia vinne wa kushoto, uani choo na bafu na tangi la maji, nje baraza ambapo asubuhi mpangaji wa chumba cha kwanza alikuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi. Vyumba 8, kodi 3,500 kila kimoja, na waliokaa mle nawajua mmoja mmoja: huyo mama wa mahamri, kuli wa bandarini na mkewe, mwalimu wa madrasa, vijana wawili wa tuktuk, mama anayefulia watu nguo Kizingo, mzee fundi cherehani, na ndugu wawili wa Kaloleni kila mmoja na familia yake. Nyumba yake lakini ardhi si yake, nyumba bila ardhi kama zilivyo nyingi huku kwetu, kila mwezi walipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe. Siku mwenye ardhi alipouza, shangazi akapewa kifuta jasho cha nyumba, wapangaji wakapewa notisi ya mwezi mmoja, basi.

Leo pale pamesimama ghorofa 10, kila ghorofa fleti nne, yaani fleti 40, na kodi ni 35,000. Kati ya wale wanane hakuna hata mmoja aliyerudi hapo. Mama wa mahamri yuko Mtwapa, hiyo ni Kilifi kaunti tayari, lakini wateja wake wako Majengo bado, kwa hivyo saa kumi ya usiku yuko stejini na beseni lake, nauli mia kuja mia kurudi, siku 26 kwa mwezi ni 5,200. Nauli peke yake yapita ile kodi aliyokuwa akilipa.

Kwa hivyo watu wakianza kuniambia nyumba za bei nafuu ni mambo ya serikali kuu sijui Boma Yangu, ile tovuti ya serikali ya kujiandikishia nyumba, sijui makato ya mshahara, mimi nawauliza, na kaunti je? Kaunti ndio inayopitisha plani. Hakuna mjengo wa maana unaoruhusiwa kusimama Mombasa bila kibali chake. Je haiwezi kumwambia developa, ndugu, jenga, lakini katika hizo fleti 40 kadhaa ziwe za watu wa mshahara mdogo? Sehemu nyingi duniani mji una uwezo huo na wautumia, ila kwa njia tofauti tofauti, na tofauti zenyewe si ndogo. Ndizo nataka tuzilinganishe hapa, ili siku tukiitwa kutoa maoni tusiende kupiga makofi tu na kula soda.

Kwanza uwezo wenyewe, sababu hapa watu wengi huwa wanaogopeshwa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi: sera ya nyumba ni ya serikali kuu, lakini mipango ya kaunti na maendeleo, na nyumba imetajwa humo kwa jina, ni ya kaunti. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya nyumba ya kufaa anayoweza kuifikia. Ibara ya 40 yalinda mali ya mtu, kweli, na developa atakuja nayo mkononi, lakini ibara ya 66 yasema serikali yaweza kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya mipango. Hafu kuna sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, inayosema kibali cha ujenzi chatolewa na kaunti na chaweza kutolewa kwa masharti. Na masharti tayari yapo mengi: uache futi kadhaa kutoka barabarani, uweke nafasi za magari, uweke ngazi za dharura. Hakuna developa anayesema nafasi ya gari ni kunyang'anywa mali. Sasa kama kaunti yaweza kumlazimisha atenge nafasi ya gari la mpangaji, kumlazimisha atenge chumba cha mtu wa kipato kidogo ni uwezo wa aina ile ile, kinachotakiwa ni kiandikwe kwenye sheria iliyopita bunge la kaunti, kisiwe ni neno la afisa mmoja ofisini. Kikiwa ni neno la afisa kitageuka kuwa bei ya afisa, tuseme ukweli.

Njia ya kwanza ni lazima, ndani ya jengo lenyewe. Ukijenga zaidi ya fleti kadhaa, asilimia fulani ni za bei nafuu, hapo hapo, ploti hiyo hiyo. Kati ya walioifanya muda mrefu zaidi ni Montgomery County, jimbo la Maryland kule Marekani, tangu 1974. Mwanzo sheria yao ilisema mradi wa nyumba 50 kwenda juu utenge 15 kwa mia, na developa akaruhusiwa kujenga nyumba zaidi ya zile ambazo ploti yake ingeruhusiwa, mpaka 20 kwa mia zaidi, ili asipate hasara. Wamepata maelfu ya nyumba kwa njia hii, kwenye mitaa ya watu wenye pesa ambako mwalimu na nesi wasingepata mlango. Karibu na sisi, Johannesburg walipitisha sera yao 2019, mradi wa nyumba 20 au zaidi utenge 30 kwa mia. Kwa hivyo asije mtu akatwambia haya ni mambo ya Wazungu.

Nzuri yake ni kwamba mtu anabaki alipo. Mama wa mahamri abaki na wateja wake, watoto wabaki shule ile ile, kuli aende bandarini kwa miguu. Kwa Mombasa hili lina uzito kuliko miji mingi sababu sisi ni kisiwa, ukitoka umetoka, kuna daraja la Nyali, kuna ferry ya Likoni, kuna Makupa, na kila asubuhi watu wamejaa kwenye hizo njia kurudi kufanya kazi pale pale walipofukuzwa. Ferry kwa mtu wa miguu ni bure, lakini saa moja ya kusubiri foleni haikuwa bure kamwe kwa mtu anayelipwa kwa siku.

Tuipigie hesabu kwa ule mjengo wa Majengo. Fleti 40, tuseme 15 kwa mia, ni fleti 6. Tuseme tatu ziwe 5,000, tatu ziwe 12,000. Zile za 5,000 developa anakosa 30,000 kila moja, ni 90,000. Za 12,000 anakosa 23,000 kila moja, ni 69,000. Jumla 159,000 kwa mwezi. Sasa mpe ghorofa mbili zaidi, fleti 8 za 35,000, ni 280,000 kwa mwezi. Sio faida tupu hiyo, kuna saruji, kuna chuma, msingi lazima uwe mzito zaidi, lakini ardhi ashainunua, mchora plani ashamlipa, lifti iko tayari. Hajafa mtu hapo. Najua kila ploti ina hesabu yake, ya Nyali si ya Magongo, lakini developa akikwambia mradi utaanguka mwambie alete karatasi tuione, hesabu za faida ya mjengo zinazowekwa siri ndizo zinazotumika kupunguza asilimia.

Sasa ubaya wake. Ubaya wa kwanza ni hila za idadi. Portland, jimbo la Oregon, walipoanza sheria yao 2017 walisema jengo la nyumba 20 kwenda juu. Kabla haijaanza maombi ya vibali yakamiminika, na baada ya kuanza yakaanza kuonekana majengo ya nyumba 19 au chini. Hapa kwetu itakuwa rahisi zaidi, ploti moja inagawanywa mara mbili kwa majina mawili ya kampuni, fezi wani fezi tuu, kila moja iko chini ya mstari. Kwa hivyo sheria isome ploti yote na mwenye faida ni nani, isisome jina la kwenye fomu.

Ubaya wa pili, na huu ndio nataka mtu aukumbuke akisahau yote mengine, ni miaka. Montgomery mwanzo nyumba ilifungwa bei kwa miaka 5 tu. Baadaye wakaongeza ikawa 10. Mpaka 2005 ndio wakafikia miaka 30 kwa za kuuza na 99 kwa za kupangisha. Yaani kwa miaka thelathini walikuwa wanajenga nyumba za bei nafuu mlango wa mbele na zinatoka mlango wa nyuma, mtu ananunua kwa bei ya chini, muda ukiisha anauza kwa bei ya soko, nyumba imepotea. Kwa hivyo ukiletewa pendekezo usiangalie asilimia kwanza, angalia imefungwa miaka mingapi. 30 kwa mia ya miaka 5 ni duni kuliko 10 kwa mia ya miaka 99.

Ubaya wa tatu ni wa nyumba yenyewe ikishasimama. New York mwaka 2014 kulizuka kelele kwa sababu ya jengo moja lililopangiwa mlango wake kwa wapangaji wa bei nafuu, mbali na mlango wa wenye pesa, watu wakauita mlango wa maskini. Huku kwetu nionavyo mlango hautakuwa ndio shida, shida itakuwa sevisi chaji. Fleti ya kodi 5,000 halafu unaletewa 6,000 ya lifti, mlinzi, jenereta na maji ya bouza, lile lori la maji, kwa sababu kisima kina chumvi na maji ya mfereji yanakuja wakitaka. Hapo bei nafuu iko kwenye karatasi tu. Lazima iandikwe kwamba kodi na sevisi chaji vikijumlishwa pamoja havizidi kiasi fulani cha kipato cha mtu, tuseme theluthi.

Njia ya pili ni kulipa badala. Developa anasema mimi sitaki kuchanganya wapangaji, nipigieni hesabu niwalipe pesa, nyinyi kaunti mkajenge mnapotaka. Na kusema haki ina mantiki yake, sababu kwa pesa ya fleti moja ya Nyali ufukweni waweza kujenga pengine tatu Miritini. Jengo dogo la fleti 8, ambapo 15 kwa mia ni fleti moja na kipande, ni heri alipe kuliko kugombania kipande. Miji mingi ya Marekani inatoa huu uchaguzi.

Lakini jamani. Kwanza pesa ikiingia kaunti yaenda wapi? Ibara ya 207 yasema pesa zote za kaunti ziingie mfuko mmoja, isipokuwa sheria ya Bunge ikiruhusu vingine. Ikiingia humo itachanganyika na mishahara, mafuta ya magari na madeni ya wakontrakta, na ukiuliza mwaka wa tatu nyumba ziko wapi utaonyeshwa ripoti. Njia ya kuizuia ipo, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kifungu cha 116, inaruhusu kaunti kuunda mfuko wake wa kazi maalum kwa idhini ya bunge la kaunti. Kwa hivyo bila mfuko uliofungwa, wenye hesabu inayobandikwa kila robo mwaka, hii njia mimi siitaki kabisa. Tena kuna ibara ya 210, hakuna kodi inayotozwa bila sheria, na malipo haya yasipoandikwa vizuri wakili yeyote ataenda kortini aseme ni kodi iliyovaa kanzu.

Pili, pesa sio ardhi. Kisiwani ardhi imekwisha. Pesa za mijengo ya Tudor na Kizingo zitajenga mwisho wa Jomvu, mwisho wa Kisauni, na tutakuwa tumerudi pale pale, mtu wa kipato kidogo anasogezwa mbali kidogo kila mwaka, safari hii kwa baraka za kaunti na utepe umekatwa. Mama wa mahamri akipewa chumba cha 4,000 Miritini bado atalipa nauli. Hesabu ya nyumba lazima iwe kodi pamoja na nauli, ukitoa nauli umedanganya.

Njia ya tatu ni hiari. Hakuna lazima, ila developa akikubali kutenga za bei nafuu anapewa zawadi: ghorofa za juu, au plani yake ipite haraka, au apunguziwe ada. Madevelopa huipenda hii na viongozi pia, haina ugomvi. Sitaisema sana. Zawadi ya ghorofa ina thamani pale tu ambapo mipaka ya ghorofa inashikwa kweli, kama mtu aliyeomba kubadilishiwa matumizi ya ardhi amepata ghorofa zake bila kutoa chochote, utamshawishi na nini? Na kuna mahali haiwezekani kabisa, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huwezi kumpa mtu ghorofa 12 Kibokoni. Tena ghorofa za ziada ni choo cha ziada, na Mombasa mwaijua mitaa ambapo gari la kunyonya choo halitoki. Pale Marekani kuna majimbo yaliyoikataza miji yake kulazimisha, Texas tangu 2005 wamekataza kwa nyumba za kuuza, kwa hivyo huko hiari ndiyo iliyobaki. Sisi hatujakatazwa, kwa nini tuanzie walipofungiwa wenzetu?

Hapa niseme kidogo kuhusu korti na serikali ya juu, sababu huu uwezo wa mji ni kitu kinachoweza kuchukuliwa. California mwaka 2009 korti ya rufaa katika kesi ya Palmer dhidi ya mji wa Los Angeles ilisema mji hauwezi kulazimisha bei nafuu kwenye nyumba za kupangisha, sababu sheria ya jimbo inampa mwenye nyumba haki ya kupanga kodi ya mwanzo. Ikabaki hivyo mpaka 2017 bunge la jimbo lilipopitisha sheria kuirudishia miji uwezo wake. Miaka minane ya mijengo ya kupangisha ikapita. Katikati hapo, 2015, korti kuu ya California ilikubaliana na mji wa San Jose kwamba 15 kwa mia kwenye nyumba za kuuza ni udhibiti wa matumizi ya ardhi kama udhibiti mwingine, sio kunyang'anya. Kwa hivyo jambo lile lile, neno kuuza au kupangisha likaamua. Nawaambia hivi ili mjue kwamba maneno ya sheria si kazi ya kuachia watu wa ofisini peke yao. Ikiandikwa ovyo itaanguka kortini na kuamka tena itachukua miaka, na kwa miaka hiyo Majengo itakuwa imeisha.

Njia ya nne wengi wanaijua, ardhi ya kaunti yenyewe. Buxton ndio mfano tunaouona kwa macho, palikuwa na nyumba 520 za zamani za kaunti, pakapangwa kujengwa upya zaidi ya 1,800 kwa ubia na mwekezaji. Faida yake ni idadi, nyumba nyingi kwa mara moja, katikati ya mji, maji na taa na barabara. Na kaunti hapa haihitaji kubishana na mwenye ploti, ploti ni yake, yaweza kuweka sharti lolote inalotaka kwenye mkataba. Sasa swali ni sharti gani iliweka. Nyumba za zamani zilikuwa za kupanga, kodi ya chini, mpya zimekuwa za kununua. Kwa mwenye mshahara na benki ni mlango umefunguka, na nawajua walionunua wakafurahi na sina la kuwalaumu. Kwa kuli wa bandarini anayelipwa kwa siku ni picha ya ukutani. Na bado kuna estate nyingine za kaunti, Tudor, Changamwe, Khadija, Mzizima, kwa hivyo kabla mkataba mwingine kusainiwa sharti la kupangisha liwemo, sababu ardhi ya kaunti inaisha mara moja tu.

Makato ya nyumba ya serikali kuu, 1.5 kwa mia ya mshahara wako na 1.5 ya mwajiri, siyaingizi kwenye huu ulinganisho, si uwezo wa kaunti. Ila sheria yake, ya 2024, ina kitu kimoja cha kukopa: imegawa watu kwa kipato. Chini ya 20,000 ni nyumba za jamii, 20,000 mpaka 149,000 ndio zinaitwa za bei nafuu. Umeona hapo? Mtu wa 149,000 kwa mwezi naye ni wa bei nafuu. Kwa hivyo sheria ya kaunti ikisema tu "nyumba za bei nafuu" bila kutaja kipato, developa atajenga zote kwa watu wa laki na kitu na atakuwa hajavunja sheria. Mimi ningetaka nusu ya zile zinazotengwa ziwe za watu wa chini ya 20,000, na iandikwe hivyo kwa tarakimu.

Sasa tuchague. Kama uko kisiwani, au Nyali, au barabara ya Bamburi hadi Shanzu, mahali ambapo bei ya ardhi inapanda na mijengo inaota, taka lazima ndani ya jengo, na usikubali kulipa badala isipokuwa kwa majengo madogo. Ghorofa za ziada mpe developa, mimi sina kinyongo, lakini apewe kama malipo ya lazima sio kama zawadi ya hiari. Kama uko Miritini, Jomvu, Mikindani, ambako mjengo wa fleti bado ni wa kodi za kawaida, ukiweka 15 kwa mia leo pengine mtu atakwenda kujengea Mariakani, huko anza na ardhi ya kaunti na zile pesa za mfuko. Asilimia moja kwa kaunti nzima ni uvivu. Na kwa Mji wa Kale usahau mijengo, huko kinachotakiwa ni kusaidia nyumba zilizopo zisianguke.

Lakini kuna kitu hakimo kwenye sheria za Maryland wala Johannesburg kama nilivyozieleza hapa, na kwetu ndicho kikubwa. Rudi kwenye ile hesabu. 15 kwa mia ya fleti 40 ni 6. Nyumba ya shangazi ilikuwa na vyumba 8. Yaani hata kama sheria ingekuwepo, na developa angeitii neno kwa neno, kaunti ingesherehekea nyumba 6 za bei nafuu na mtaa ungekuwa umepoteza mbili. Tena tatu kati ya hizo sita ni za 12,000, ambazo hakuna mpangaji wa shangazi angeziweza. Asilimia inaangalia kinachojengwa, haiangalii kilichobomolewa. Kule Montgomery walikuwa wanajenga sana sana mahali palipokuwa mashamba, hawakuwa na ukumbi na vyumba vinne huku vinne huku. Sisi karibu kila ploti ya kisiwani ina watu tayari, na wengi wanalipa kodi isiyofika 5,000.

Kwa hivyo ninachotaka kiingie ni hiki: developa atenge asilimia, au idadi ya vyumba vilivyobomolewa, ile iliyo kubwa. Sio lazima viwe fleti za vyumba viwili, singo rumu na bedsita za heshima zenye choo ndani zatosha, ghorofa ya kwanza na ya pili, na waliotolewa wapewe nafasi ya kwanza kurudi, kwa majina. Mwenye nyumba bila ardhi naye ahesabiwe, sababu sasa hivi sheria ikiongea kuhusu mwenye mali inamuona mwenye ardhi, haimuoni shangazi aliyejenga chumba kimoja kimoja miaka 20.

Developa atasema itampandishia gharama. Itapandisha, ndio. Na mwenye ardhi akijua sharti lipo atapunguza bei anayotaka, sababu mnunuzi hatalipa bei ya ploti tupu kwa ploti yenye watu. Hapo ndipo gharama inatakiwa iangukie, kwa anayeuza, kuliko kwa anayehama. Lakini hii itafanya kazi tu kama sharti limetangazwa mapema, mwaka mmoja hivi kabla, mtu asije akanunua leo kwa bei ya zamani akabebeshwa kesho.

Sasa idadi ya vyumba vilivyobomolewa nani anaijua? Hapo ndio sharti litakwama, sababu plani inayopelekwa kaunti inaonyesha kinachokuja tu. Developa ataandika "nyumba moja chakavu". Kwa ile sheria ya mipango ya 2019 mtu anayeomba kibali lazima autangazie umma mradi wake, na wenye pingamizi wapeleke, na asiyeridhika kuna kamati ya rufaa ya mipango ya kaunti, lakini ukienda bila hesabu utasikilizwa kwa adabu na utarudi nyumbani.

Mimi mtaani kwetu nshaanza. Daftari la shule la kurasa 96, jioni baada ya alasiri, napita na binti wa jirani. Kila nyumba tunaandika vyumba vingapi, kodi kiasi gani, ardhi ya nani kama wanajua, wakaaji wangapi, bila majina ya watu. Mwanzo watu waliogopa wakadhani tumetumwa na mwenye ardhi, ikabidi shangazi aje nasi akae barazani awaeleze. Kutoka msikitini mpaka barabara ya lami tumefika nyumba 11, vyumba 83, na nyumba mbili kati ya hizo washaletewa watu wa kupima.